Naomba ushauri: utani gani unafaa kwenye kadi za Krismasi?

Wakuu, habari zenu. Mwaka huu nataka kuandika kadi kwa mkono, maana zile picha za WhatsApp kila mtu anatuma zilezile. Ziwe za kuchekesha kidogo.

Jirani yangu Mpare hanipi shida. Mimi Mchaga, ni mtani wangu, na Wapare huwa tunawatania kwa kupenda kesi: “Krismasi njema. Kesi ya kuku iahirishe mpaka Januari, uje ule ndafu.” Shemeji nimemwandikia zawadi yake iko njiani, imekwama foleni ya Chalinze.

Kazi iko kwa bosi. Nimeandika: “Nakutakia mwaka mpya wenye afya, baraka, na mshahara unaowahi kama unavyotutaka sisi tuwahi saa mbili.” Dada wa masjala kacheka mpaka machozi, ila si yeye anayesaini mkataba wangu. Niiache au nifute?

Halafu mama mkwe, mwanakwaya wa Kilutheri, mtu wa heshima zake. Nimwekee tu Luka 2:11, au kuna utani mwepesi uliowahi kumwandikia mkwe wako na bado mnasalimiana? Mifano ya kuwaandikia wafanyakazi wenzangu tusiozoeana pia naipokea. Kadi zinatakiwa ziondoke posta kabla ya tarehe 15.