Batumi hadi Japani au Bangkok hadi Lombok: njia ipi kwa mtazama ndege?

mwanambee_78
Wakuu, salaam. Nimepewa likizo ndefu isiyo na malipo na nimeamua kuvuka Asia kwa treni, basi na meli, darubini shingoni. Viwanja vya ndege sitaki kuviona njiani kama inawezekana. Nimebaki na njia mbili.

Ya kaskazini: naanzia Batumi, Georgia, mwanzoni mwa Septemba. Navuka Bahari ya Kaspi kutoka Baku kwenda Kazakhstan, kisha China, Korea Kusini, namalizia Japani Desemba. Ya kusini: naanzia Bangkok Februari, nashuka Malaysia kwa treni hadi Singapore, boti kwenda Batam, meli hadi Jakarta, halafu Java, Bali na Lombok.

Ninachotaka kwanza ni ndege wahamao. Gharama inafuata, usumbufu nitauvumilia. Naomba maoni ya mliopita, ya vipeperushi nimeshasoma.

kozi_wa_Tsavo
Batumi peke yake inatosha kukupeleka kaskazini. Milima pale inakaribia kabisa Bahari Nyeusi. Ndege mbuai wanaopaa kwa hewa moto hawapendi kukatiza maji mapana, maana juu ya bahari hewa hiyo hawaipati, basi wote wanabanwa kwenye ukanda mwembamba nyuma ya mji. Wahesabuji wa vituo vya Sakhalvasho na Shuamta hupata zaidi ya milioni moja kila msimu, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Oktoba. Ukifika mwanzoni mwa Septemba utawakuta wala nyigu (Pernis apivorus) kwa makundi. Wale Buteo wa nyika (mbuai wengine, wa rangi ya kahawia) wanashika kasi baadaye kidogo, na ndio hao hao wanaopita kwetu Bonde la Ufa wakielekea kusini.

Beba kitu cha kulalia chali. Shingo ndiyo itakayokuadhibu.

mpakani_tu
Kabla hamjampeleka mbali: Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa abiria mwaka 2020 wakati wa korona, na imekuwa ikiongeza muda tangu hapo. Thibitisha upya kabla ya kulipia chochote. Ikiwa bado imefungwa, Tbilisi hadi Baku ni angani tu, na masharti yako yamevunjika hata safari haijaanza. Wengine huzunguka kwa barabara kupitia Urusi hadi Astrakhan, kwenye delta ya Volga, kisha wanaingia Kazakhstan. Kwa ndege delta ile ni nzuri sana, lakini hiyo ni viza nyingine, na kadi nyingi za benki za nje hazifanyi kazi Urusi.

Halafu meli ya Kaspi. Usidhani ni kama boti ya Zanzibar ya saa moja asubuhi. Ni meli ya malori na mabehewa, inatoka bandari ya Alat, mbali kidogo na Baku, ikishajaa mzigo. Unaweza kusubiri siku kadhaa huku simu iko mkononi.

sitaha_ya_juu
Naona tunalinganisha kwa kilomita na kwa orodha ya ndege. Mimi nalinganisha kwa saa za mwanga: ni saa ngapi utakuwa macho, nje, na kunaonekana?

Chukua vivuko vya kaskazini. Meli za Qingdao au Weihai kwenda Incheon huondoka jioni na kufika asubuhi. Usiku wote umelala. Unachopata ni muda mfupi wa alfajiri, shakwe nyuma ya meli na matope ya pwani ya Korea yakianza kuonekana. Busan kwenda Fukuoka ni hivyo hivyo, ya usiku. Cha kuchekesha, meli ile ile ikirudi Busan huondoka mchana, na hapo ndipo mtu anaweza kukaa sitahani akawatazama Calonectris leucomelas, ndege wa bahari kuu, wakiteleza juu ya mawimbi bila kupiga bawa. Wewe unakwenda mashariki, kwa hiyo umepangiwa giza. Na hata ungegeuza njia, kufikia Desemba ndege hao wengi wameshashuka kusini.

Sasa kusini. Meli za PELNI, kampuni ya meli ya serikali ya Indonesia, zinatembea mchana na usiku. Kutoka Batam hadi Tanjung Priok, bandari ya Jakarta, unapata mchana wa kutosha baharini. Ukikaribia Jakarta angalia juu: ndege wakubwa weusi wenye mkia wa uma, wezi wa samaki wa wenzao. Kati yao kuna Fregata andrewsi, ambaye duniani kote huzaliana kisiwa cha Christmas tu, lakini hupenda kuzurura Ghuba ya Jakarta. Wana majukwaa ya kuvulia samaki ya mianzi pale. Pitisha darubini juu ya kila nguzo.

Treni ya Kazakhstan sitaisema vibaya. Nyika ni wazi, na tai hukaa juu ya nguzo za umeme kando ya reli. Lakini dirisha huwa na vumbi la msimu mzima na halifunguki, na unapomtambua ndege ameshakuwa nyuma. Ukipita huko, shuka kwenye njia ya Chokpak, kati ya Taraz na Shymkent, wanakonasa ndege kwa nyavu kubwa na kuwavisha pete. Siku moja pale ni bora kuliko siku mbili za behewa.

bint_maskati
Mimi niko Omani. Kama shida ni tai wa nyika, wakati wa baridi wanakuja kwetu kwa mamia, wanakaa kwenye dampo la Maskati pamoja na tai weupe wa Misri. Harufu ni juu yako 😂

kozi_wa_Tsavo
@sitaha_ya_juu hoja ya mwanga naikubali kwa baharini. Lakini umeruka korongo! Novemba yuko Cheorwon, karibu na mpaka wa Korea mbili, korongo wenye utosi mwekundu wakila masalia kwenye majaruba ya mpunga. Desemba anashuka Fukuoka, anapanda treni ya kasi hadi Izumi, korongo zaidi ya 10,000 sehemu moja. Hiyo kusini haina.

mama_sululu
Haina, ni kweli. Ila tazameni tarehe zake. Bahari ya Njano, kati ya China na Korea, ndiyo moyo wa njia ya kaskazini kwa sisi wa ndege wa pwani, na yeye atafika huko mwishoni mwa Oktoba kama Kaspi haijamchelewesha. Tiaozini, mkoa wa Jiangsu, inapendeza zaidi Septemba. Maji yakijaa, ndege hufukuzwa kutoka kwenye tope na kurundikana kwenye eneo lililotengwa la kama hekta 48 ndani ya ukuta wa bahari. Kitwitwi mwenye mdomo wa kijiko hubadilisha manyoya pale. Mwishoni mwa Oktoba wengi wameondoka.

Na wameenda wapi? Baadhi yao Thailand. Mwanambee, ukianzia Bangkok Februari, nenda Pak Thale kwenye mashamba ya chumvi, saa chache tu kutoka mjini. Ni wachache sana, wamechanganyika na vitwitwi wengine wadogo wa kijivu. Usitafute mdomo kwanza, maana ukimtazama kwa ubavu kijiko hakionekani. Tafuta anayekula tofauti, anayesukuma kichwa huku na huku majini kama anafagia.

Kisha Machi, Tanjung Tuan, Malaysia. Wala nyigu wa Asia wanarudi kaskazini kutoka Sumatra, wanavuka Mlango wa Malaka na kufika wamechoka, chini chini juu ya mnara wa taa. Nenda kuanzia saa nne asubuhi. Tarehe zako zinaingia vizuri.

jongoo_wa_java
Msimfiche kitu: misitu ya Java imenyamazishwa. Mashindano ya ndege wa nyimbo yamemaliza wengi porini. Pycnonotus zeylanicus, mwimbaji hodari kuliko wote, leo msikilize Pulau Ubin, Singapore, kabla hujapanda boti ya Batam. Java pita kwa treni hadi Ketapang, vuka kwa feri hadi Gilimanuk upande wa Bali, lala karibu na hifadhi ya Bali Magharibi uwatafute kwenzi weupe wa Bali.

mwanambee_78
Ahsanteni sana. Naelekea kusini, Februari. Korongo nitawafuata mwaka mwingine, nikianzia Korea moja kwa moja. Swali la mwisho: Padangbai (Bali) kwenda Lembar (Lombok), nipande feri ya saa ngapi? Nataka kuuona mlango ule wa bahari aliouvuka Wallace, mtaalamu wa viumbe wa Kiingereza, mwaka 1856.

sitaha_ya_juu
Zinaondoka mchana na usiku, safari ni saa nne hadi tano. Panda ya alfajiri, kaa upande wa kusini, kunakofunguka bahari kuu. Mkondo pale una nguvu, na panapotokea mstari wa povu ndipo buabua wanapovua. Kasuku weupe wenye ushungi wa manjano aliowakuta Wallace Lombok siku hizi ni adimu sana, kwa hao endelea na vivuko hadi Komodo. Na usiende na kofia isiyo na kamba.