Diploma ya umeme kwenda digrii ya uhandisi: UDSM, DIT au MUST?

Fundi_Saketi: Wakuu, mwenye diploma ya umeme (NTA 6, yaani ngazi ya sita ya tuzo za ufundi), GPA 3.6, aende wapi: CoET (ndaki ya uhandisi) ya UDSM, au DIT ya Dar na MUST ya Mbeya? Na masomo ya diploma yanahesabiwa ili kupunguza miaka ya digrii?

Nondo16: Kwa kawaida hayahesabiwi, mkuu. NTA 6 iko chini ya ngazi ya digrii, ambayo ni ya 8, hivyo unaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka form six. Digrii ya uhandisi pale CoET ni miaka minne. Atakayekuahidi kuingia mwaka wa pili, mwombe barua ya chuo chenyewe kabla hujalipa chochote.

GPA 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya form four kuanzia D ni kizingiti cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) tu, chuo kinaweza kudai zaidi. Mwongozo wa TCU wa wenye diploma ni kitabu tofauti na cha form six. Angalia safu ya sifa, utaona ni diploma za fani zipi zinapokelewa kwenye kila kozi. Wengi wanaishia kusoma jina la kozi na idadi ya nafasi.

Mama_Transfoma: Tofauti kubwa naiona kwenye hesabu. UDSM wanafundisha kalkulasi na matriki wakidhani darasa zima limetoka PCM (fizikia, kemia na hesabu za form five na six), yaani miaka miwili ya Advanced Mathematics. Diploma inakufunza kutumia fomula, kule UDSM unadaiwa uonyeshe inavyopatikana. Anayekwama hukwama kwenye limiti, integrali na vekta, na semista ya kwanza haisubiri mtu. Chukua vitabu vya hesabu vya form five na six, maliza differentiation na integration kabla ya Oktoba.

DIT na MUST zimetokana na vyuo vya ufundi (Dar Technical na Mbeya Technical), wanawajua watu wa diploma na karakana zina uzito wake. Kama hesabu zako ni za wastani, ningeanza na hizo. Kama ndoto ni kubuni mitambo au kusoma masters, UDSM, ila uingie umejiandaa.

Kijana_wa_Gridi: Naongezea upande wa ajira. ERB (bodi inayosajili wahandisi) haiangalii kama cheti kimeandikwa BSc au BEng, inaangalia kama programu inatambuliwa. Unasajiliwa kwanza kama mhitimu, kisha mafunzo ya kazini ya SEAP ya miaka mitatu, ndipo unaomba usajili wa mhandisi mtaalamu.

Nondo16: Sasa AVN, namba ya kuhakiki diploma yako, maana hapa ndipo maombi mengi hufia. Namba hiyo inatolewa na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), na mfumo wa chuo kikuu hauwezi kuvuta matokeo ya diploma bila hiyo. Haitoki kama chuo chako hakijapeleka matokeo ya mwisho, kwa hiyo msumbue ofisa mitihani mapema, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe. Jina nalo lilingane: form four ni "Juma A. Hamisi", diploma "Juma Hamisi Ally", utazungushwa na viapo vya kuthibitisha jina mpaka dirisha lifungwe.

Fundi_Saketi: Nikikosa umeme nikaingia kozi nyingine, halafu nihamie uhandisi?

Mama_Transfoma: Njia ipo, ila usiijengee mpango. Uhamisho unataka nafasi iwe wazi, na wewe uwe na sifa za kuingia kozi unayoiendea. Kama ulikosa sifa hizo mwanzo, bado utakwama. Heri uombe umeme vyuo vitatu. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja kwa msimbo unaotumiwa.

Kijana_wa_Gridi: Na ukihama, mkopo haukufuati wenyewe. HESLB (bodi ya mikopo) wapewe taarifa kupitia ofisa mikopo wa chuo, la sivyo pesa inaendelea kupelekwa chuo cha zamani. Cheti cha kuzaliwa, kinachohitajika kuombea mkopo, kihakikiwe RITA (wakala wa vizazi na vifo) sasa hivi, foleni yao hurefuka dirisha la mkopo likifunguliwa.