Injini ya ndege yangu, Rotax 912, imelala masika yote, sasa yatetemeka na kunuka petroli

baharia_wa_juu:
Salaam wakuu. Naomba msaada wa mwenye uzoefu. Nina CH 701, ndege ndogo ya viti viwili, niliyoijenga kwa mikono yangu karibu miaka minne, ina Rotax 912 ULS yenye masaa 310, naiegesha kwenye banda la mabati huku kaskazini ya Mombasa, bahari haifiki hata kilomita moja. Tangu masika ianze sijairusha, uwanja ulikuwa matope na mie kazini zamu juu ya zamu, lakini sikuitupa, kila Jumapili naenda naiwasha dakika tano nazima nikijua naitunza. Jumapili iliyopita imewaka vizuri ila chini ya mizunguko 2000 kwa dakika yatetemeka mpaka dashibodi yagonga, nikipandisha 3000 yatulia. Nilipozima, petroli yanuka sana upande wa kushoto, nikafungua kifuniko cha tenki la oili nikakuta utando mweupe kama tui la nazi umeganda shingoni. Jamaa mmoja aniambia gaskiti ya hedi (kizibo cha kichwa cha silinda) imekufa nishushe injini yote. Fundi wa hii ndege ni mie mwenyewe na kiti cha pili hukaa mke wangu, sitaki kubahatisha.

spana_kumi:
Pole kaka, usishushe kitu kwanza. Angalia chupa ya maji ya kupozea injini, kama kiwango hakijashuka basi hilo tui si la gaskiti. Kwenye 912 maji yazunguka kwenye hedi tu, silinda zenyewe zapozwa na upepo. Huo weupe umeutengeneza wewe na hizo dakika tano zako. Petroli ikiungua hutoa maji, mvuke wake hupenya kwenye ringi za pistoni ukaingia kwenye oili, na hautoki mpaka oili ipande ifike digrii 100 hivi, ndo maana Rotax wasema kila siku unayorusha oili ifike hapo angalau mara moja. Dakika tano ardhini, hata digrii 50 za oili za kuruhusiwa kupaa hufiki! Kwa hivyo kila Jumapili umeongeza maji kidogo, juu yake unyevu wa pwani na chumvi, ndani huko chuma chashika kutu polepole. Injini yetu huku ama uirushe nusu saa au saa nzima, ama uilaze kisawasawa: oili mpya kabla ya kuilaza, petroli yote imwagwe kutoka kwenye bakuli za kabureta, matundu ya hewa na ekzosi yazibwe kwa kitambaa chekundu ambacho huwezi kukisahau. Katikati hakuna.

Sasa mwaga hiyo oili ikiwa vuguvugu, kata filta uifungue makunjo yake moja moja kwenye mwanga, chomoa na plagi ya sumaku uone imeshika nini. Unga laini kama masizi sina wasiwasi nao, vipande vya chuma simama hapo hapo upige simu.

mama_propela:
Nakubaliana na spana_kumi kuhusu oili ila mtetemeko ni jambo lingine, na mie hilo ndo laniogopesha. Baharia, hiyo harufu ya kushoto usiilale. Kabureta ziko mbili, moja kila upande, na kwenye kila moja kuna floti mbili (maboya madogo yanayozuia petroli isipande kupita kiasi) ndani ya bakuli, zikizeeka hunywa petroli zikawa nzito zikazama, petroli yapanda kupita kiasi, upande mmoja wanyweshwa kupita mwenzake na ziada yamwagika nje. Chini yake kuna ekzosi ya moto!! Bakuli lafungwa na klipu ya waya tu, dakika mbili umelitoa. Toa floti, zipanguse, pima. Zote mbili za bakuli moja zisizidi gramu 7. Zikiwa sawa ndo uende kwenye kusinkronaizi kabureta kwa geji, yaani kuzisawazisha zivute sawa, na kamata zile soketi za raba zinazoshika kabureta uzipinde kwa vidole utazame kama zina nyufa. Raba zote Rotax wataka zibadilishwe kila miaka 5 hata kama ndege haikuruka, watu wengi wahesabu masaa wasahau kalenda.

Na usiiache ikitetemeka pale chini kwa muda, mtetemeko huo wote waliwa na gea boksi.

kusi_mpole:
Nyongeza tu. Je watumia avgas, petroli ya ndege? Ile iitwayo 100LL ina madini ya risasi, kama zaidi ya asilimia 30 ya petroli yako ni hiyo badilisha oili kila masaa 50 badala ya 100. Na oili isiwe ya ndege za kawaida wala ile inayofanya klachi iteleze, gea boksi yaoga oili hiyo hiyo ya injini.

baharia_wa_juu:
Nimerudi. Mama Mungu akuweke. Mizani yangu ya jikoni haisomi gramu ndogo, nikazifunga floti kwenye leso nikaenda kwa sonara mjini, akaziweka pale anapopimia pete. Za kulia 6.1. Za kushoto 9.2. Nilibaki nimeziangalia kwenye kile kisahani, yaani hiyo ndo ningepaa nayo na mke wangu.

Chupa ya maji haijashuka. Filta safi, sumaku ina unga laini tu. Oili mpya nimeshatia, swichi zimezimwa na ufunguo mfukoni, nikazungusha propela kwa mkono upande wake wa kawaida mpaka tenki la oili likabeua (mlio wa hewa, ishara oili imerudi tenkini), ndo nikasoma kijiti. Soketi moja ya raba ina ufa mdogo, naagiza zote mbili na floti seti nzima, na kila nilichogusa nimeandika kwenye logibuku, daftari la matengenezo ya ndege.

spana_kumi:
Vizuri sana. Zikifika usisinkronaizi peke yako, propela ikizunguka mtu mmoja akae ndani mguu kwenye breki, magurudumu yazuiwe kwa kuni. Jumamosi niko huru, nakuja na geji yangu.