Mjadala: Jumuiya ya askari wastaafu Pemba ifungwe au ikabidhiwe?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wafadhili wamejitoa, na viongozi wa jumuiya iliyokuwa ikiwasaidia askari wastaafu kurudi uraiani hapa Pemba wanataka kuifunga. Wengi mmesema sawa. Mimi napinga.

Hoja inayorudiwa sana ni kuwa askari ana kiinua mgongo na pencheni, wakati mvuvi wa Wesha hana kitu mpaka atimize miaka 70 aingie kwenye Pencheni Jamii, ile ya wazee inayotolewa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Uchungu huo naujua. Lakini jumuiya haikuwa ikigawa fedha.

Mtu ameishi kambini tangu ujana wake, akipangiwa hata saa ya kula. Anavua magwanda akiwa bado na nguvu, anarudi shehiani na fedha ambazo hajawahi kuzishika, na kila jamaa ana shida yake. Jumuiya ilimkalisha na wenzake waliotangulia kabla fedha hizo hazijaisha. Na makaratasi je? Nimemuona katibu akiyatoa ya mzee mmoja kwenye bahasha ya kaki, akiyasoma moja moja, mpaka akagundua jina kwenye barua ya kustaafu linapishana herufi moja na la kitambulisho. Herufi hiyo ndiyo iliyokwamisha malipo.

Kisha liko la usingizi, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Tarehe 7 Disemba 2017, kambi ya walinda amani kule Semuliki, Kongo, ilishambuliwa. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwazika kwa heshima, na kila tarehe 25 Julai mashujaa wanakumbukwa. Aliyerudi hai akishtuka usiku anapiga kelele, jirani husema ana shetani. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja: nauli ya boti, na bado mtu anaona haya kuonekana pale. Kwenye jumuiya alizungumza na mwenzake aliyelala naye handaki moja.

Kaka mmoja amesema hii ni kazi ya Jeshi. Naam, lakini tuangalie mambo yalivyo. Ulinzi ni jambo la Muungano. Afya na ustawi wa jamii huku kwetu si ya Muungano, yako chini ya SMZ. Askari akishastaafu, huyu anamwambia nenda kule, na kule anaambiwa rudi ulikotoka. Jumuiya ilisimama kwenye pengo hilo, ikiwashika mkono pande zote mbili. Ikiondoka, pengo linabaki.

Wanaolalamika kuwa hesabu hazijasomwa kwa wanachama wana haki, na zisomwe zote hadharani. Ila hesabu mbovu ni sababu ya kubadilisha viongozi, si ya kuwaacha wagonjwa.

Ninachotaka ni hiki: mkutano mkuu uitwe kabla Mrajis, anayesajili na kufuta jumuiya, hajapelekewa barua yoyote, na Ustawi wa Jamii Pemba pamoja na Jeshi wakae meza moja na wanachama wapange nani anachukua kazi gani. Mnaotaka ifungwe sasa hivi, naomba mnijibu kwa uwazi: majalada ya wale ambao malipo yao bado hayajatoka atakabidhiwa nani?