Tupeane uzoefu: semina ya elimu ya uraia ilikusaidia nini mtaani kwako?

Wakuu, tuweke posho na fulana pembeni. Ulitoka na nini ukakitumia?

Naanza mimi, Kigamboni. Mwezeshaji wetu hakuhubiri demokrasia. Aligawa karatasi ya mfano ya mapato na matumizi ya mtaa, akasema kaeni makundi, tafuteni panaponuka. Tukakuta "mengineyo" imekula hela kuliko uzoaji taka. Mkutano mkuu wa mtaa uliofuata nikanyoosha mkono: na sisi "mengineyo" yetu ni yapi? Mwenyekiti akasema haimo kwenye ajenda. Kina mama wa nyuma wakapaza sauti, basi iwekwe! Ikawekwa.

Mama Batiki, Mabibo: Mimi ni wa zile semina za Jumatano pale TGNP, Mtandao wa Jinsia Tanzania. Mama lishe na mwanachuo benchi moja, mnachambua bajeti: maji, zahanati, nani anabeba mzigo. Huko ndiko nilikojua asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kabla ya hapo nilidhani ni hisani ya diwani.

Babu wa Magomeni: Wajukuu, haya hayakuanza na projekta. Mwaka 1970 redioni kulikuwa na "Uchaguzi ni Wako". Watu wanaizunguka redio, kipindi kikiisha wanajadili. Marehemu baba aliongoza kikundi, kazi yangu mimi kulinda betri. 1973 ikaja "Mtu ni Afya". Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo maswali yalikuwa na mpaka wake, ila vyoo vilichimbwa kwelikweli.

Mkosoaji, Temeke: Nimewahi kushika daftari la mahudhurio. Chai ikichelewa ukumbi mzima unanuna! Halafu semina zenyewe zinamiminika uchaguzi ukikaribia. Baada ya ule wa mitaa wa Novemba 2024, kwetu kimya.

Dada wa Ubungo: Mkosoaji, kweli tupu, ila sisi tulifundishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Unaomba kwa maandishi, ofisi ina siku 30 kukujibu. Nimeandika kuhusu mtaro wetu ulioishia njiani, nasubiri. Kuna aliyejibiwa?

Mleta mada: Dada, una nakala yenye muhuri wa kupokelewa? Kama huna, rudi kesho asubuhi ugongewe, la sivyo watakwambia barua hawajaiona.