Naomba ushauri, nimwoneshe mdogo wangu hii muvi?

Wakuu habari zenu, juzi nimeangalia L'Enfant ya wale ndugu wawili wa Ubelgiji, kina Dardenne, ile iliyochukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes, 2005, aisee mpaka leo sijakaa sawa. Kijana mmoja, Bruno, anamuuza mtoto wake mchanga halafu anarudi kwa Sonia, mama wa mtoto, anasukuma kigari kitupu, eti tutazaa mwingine, binti wa watu anazimia palepale. Sasa mdogo wangu ana miaka 21 kapata mtoto, kazi hana, mzazi mwenzie kila siku analia. Natamani aione, hasa pale mwisho gerezani wanapolia wote wawili, ila naogopa atahisi namsema. Nimpe tu aangalie mwenyewe au nikae naye tuongee kwanza?