Wauza mafuta ya marashi Kisumu, mnatunyima kupaka kwa ngozi halafu sisi ndio tunaungua. Nimechoka!

Jameni naandika hii nikiwa na hasira na sitaki mtu aje hapa kuniambia nipoe. Ukinitazama shingoni upande wa kulia, kuanzia chini ya sikio mpaka penye mkufu unalala, kuna mstari mweusi tititi, upana wake kama kidole cha mwisho, umeteremka halafu ukaishia na kidoa cha duara. Ukiangalia vizuri unaona kabisa ni tone lilikimbia. Huo ni mstari wa mafuta ya marashi niliyouziwa hapa mjini kwa shilingi 450, chupa ya mls 6 ya kuviringisha, na leo ni wiki ya tano haujatoka.

Ilikuwa hivi. Jumamosi nimetoka kazi nikapitia duka moja mjini, jina silitaji, nikanusa kifuniko cha mafuta anaita bergamoti na ndimu (bergamoti ni tunda la jamii ya ndimu). Yananukia vizuri sana, kali kidogo, safi, kama mtu amekwaruza ganda la ndimu mbichi karibu na pua yako. Nikamwambia kijana niwekee kidogo kwa mkono nizunguke mjini nusu saa nirudi nikulipe. Akakataa. "Dada, ukitaka kupaka nunua kwanza, hapa tunanusa na kifuniko." Nikamuuliza ndani kuna nini, akasema ni mafuta safi asilimia 100, hayana kemikali, hata mtoto unampaka. Nikalipa.

Jumapili nikapaka shingo pande zote mbili, ule upande wa kulia nikaminya sana mpaka yakateremka, tukaenda Dunga kula samaki. Wale wanaojua Dunga wanajua kungojea samaki akaangwe ni kungojea kweli, na viti vya kivulini vilikuwa vimejaa, kwa hivyo nilikaa juani kutoka saa sita hadi saa nane na upande wa kulia ndio ulikuwa umeangalia ziwa. Siku hiyo sikuhisi kitu. Jumatatu usiku shingo ikaanza kuchoma kama imemwagikiwa na maji moto, Jumanne kukawa na malengelenge madogo madogo yamejipanga kwa mstari, yalipokauka ndio weusi ukaja. Nikajua ni kidudu kimenipitia usiku, wengine kazini wakaniambia ni mshipi wa Mungu, ule ugonjwa wa malengelenge yanayojipanga kama mshipi. Daktari wa ngozi alivyoniangalia aliniuliza swali moja tu, ulipaka kitu cha jamii ya ndimu ukakaa kwa jua?

Kumbe hii kitu inajulikana miaka nenda miaka rudi! Mafuta ya ganda la bergamoti na ya ndimu yaliyokamuliwa yana kitu kinaitwa bergapteni, yenyewe haina neno ukiwa ndani ya nyumba lakini ikipigwa na jua ikiwa kwa ngozi inachoma, na inaacha weusi wa wiki nyingi, wengine miezi. Ndio maana watengenezaji wa manukato wanaojua kazi wanatumia bergamoti iliyotolewa hiyo bergapteni au wanaweka kiasi kidogo sana. Hata mtu anayekamua ndimu nyingi nje kwa jua mikono inaweza kumfanya hivyo hivyo. Sasa niambieni, Kisumu hii, jua hili, unauzia mtu mafuta ya ndimu ya kupaka shingoni na humwambii paka chini ya nguo ama paka jioni? Na asilimia 100 safi ndiyo ilikuwa sifa! Safi ndiyo imenichoma.

Nilirudi. Kijana akaniambia ngozi yangu ndio mbaya. Mbele ya kastoma wengine. Hapo ndio nikaamua nifungue huu uzi, kwa sababu mambo mengine nilikuwa nimeyameza.

Mimi haya mafuta nayapenda toka utotoni, sio mtu wa juzi. Kukhu wangu, yaani nyanya, wa Mumias alikuwa na chupa yake ya tola moja ya udi, ile chupa ndogo nzito ya glasi ambayo kifuniko chake kina kijiti cha glasi ndani, na tola ni kama gramu 11.7 tu lakini ile chupa moja alikaa nayo miaka. Alikuwa anachovya kijiti, anagusisha kingo ya chupa tone lirudi ndani, halafu kile kinachobaki anakigusa nyuma ya sikio hili, nyuma ya sikio lile, kinachobaki tena anapitisha kwa upindo wa buibui. Basi. Na ukimkumbatia asubuhi ya kwanza udi wake ulikuwa unanuka kama zizi, kweli kabisa, mimi nilikuwa nakunja uso, lakini mchana ukirudi shuleni umekuwa mti mtamu, kama ndani ya sanduku la zamani lenye kanga, na kesho yake bado uko kwa mtandio. Hiyo ndiyo ilinifunza kwamba mafuta hayanuswi kwa kifuniko, yanavaliwa. Yanabadilika juu ya mwili wako saa kwa saa, na huwezi kujua ni gani yako mpaka uyalale nayo.

Sasa huyu wa mjini aliniuzia "udi orijino wa Kambodia" kwa 500. Nimeuvaa kwa kifundo cha mkono nikiandika masaa. Dakika ya kwanza mtamu kama peremende, saa moja bado mtamu vile vile, haujasogea hata hatua, saa ya tatu ule utamu umeondoka na kilichobaki ni harufu ya beseni jipya la plastiki. Saa ya tano hakuna kitu. Udi wa kweli unatoka kwa ule mti wa Aquilaria wa kule kusini mashariki ya Asia, tena mti uliopata ugonjwa wa ukungu ndani ndio unatoa ule utomvu mweusi, mti usio na ugonjwa hauna udi, kwa hivyo ni kitu adimu na bei yake haiwezi kuwa ya kilo mbili za sukari na mkate juu. Mimi sikatai udi wa maabara! Ipo mizuri na ninayo mmoja naupenda. Sema tu ni wa maabara nikulipe bei ya maabara.

Na msandali. Kuna mmama aliniambia msandali wake "unatoka hapa hapa Kenya, msituni, wa asili". Mama, msandali wetu wa hapa ni mti wa kulindwa, serikali ilipiga marufuku kuukata 2007 na 2013 ukaingizwa kwa orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa sababu watu walikuwa wanaung'oa mpaka mizizi. Kwa hivyo ama unanidanganya ama unajishtaki, chagua moja. Kwa mwili wangu ulikuwa mafuta ya kupikia yenye harufu kidogo ya penseli iliyochongwa, ukakaa dakika arobaini.

Waridi ndio walinichekesha kwa uchungu. Ati linakamuliwa Naivasha kwa sababu huko kuna maua. Mimi nimezaliwa Nakuru, hayo maua tunayajua, ni ya kukaa siku nyingi kwa chombo huko Ulaya, ukiweka pua ndani mengi hayanukii chochote. Waridi la mafuta ni lile la Bulgaria, Uturuki, Taif kule Saudia, na kupata kilo moja ya mafuta unamwaga zaidi ya kilo 3000 za petali. Sasa chupa ya 350. Tena waridi lenyewe lilikuwa lina udi ndani, nikashangaa, mpaka siku nyingine nikasimama nikaangalia venye wanajaza. Chupa kubwa za lita zimepangwa kwa rafu, kijana ana sirinji MOJA, anavuta miski anajaza, anaipangusa na tishu, anavuta waridi anajaza, anapangusa na tishu ile ile, anavuta udi. Ile tishu ilikuwa imeshakuwa ya kahawia. Halafu anabandika stika ameandika kwa kalamu Sauvage, jina la manukato ya Dior. Ndugu zangu tunalipia hiyo tishu.

Sitaki kuonea mtu kwa hivyo hii pia naisema. Miski nyeupe nilinunua nikapaka sikunusa kitu kabisa, nikarudi dukani (lingine, sio hili) nikamfokea dada wa watu kwamba ameniuzia maji. Nikaenda kazini na hiyo miski, mwenzangu wa dawati la pili akaniuliza leo umepaka nini kizuri hivi, nimekunusia toka mlangoni. Kumbe kuna aina za miski pua za watu wengine hazizishiki, wewe hunusi na aliyekaa karibu nawe ananusa siku nzima. Nilirudi nikamwomba msamaha yule dada. Lakini angalia, angeniacha nipake kwanza nizunguke niulize watu, hiyo kelele isingekuwako.

Na hapa kuna kitu kingine hawataki kusikia, kwamba mahali unaishi pia ni sehemu ya marashi. Ambari niliyonunua nilikaa nayo wiki mbili nyumbani Nakuru, Section 58, mwezi wa saba, ile baridi ya asubuhi, na ilikuwa nzuri mpaka nilikuwa navuta kola ya sweta ninuse. Inakaa karibu na mwili, joto lake dogo dogo, kama uji wa mdalasini. Nikaileta Kisumu, chupa ile ile, kiasi kile kile, nikapanda matatu ya Kondele saa saba mchana, mama aliyekaa kando yangu akatoa leso akafunika pua na akageukia dirisha. Niliona aibu nikashuka mapema. Nakuru iko mita kama 1850 juu ya bahari, Kisumu ni 1130 na kitu na unyevu wa ziwa juu yake, ngozi hapa ina joto na jasho, mafuta yanaruka haraka na yanapiga kelele. Hapa tone moja chini ya nguo, tena mimi sasa napaka tumboni tu, linapanda lenyewe pole pole. Muuzaji anayekuambia "paka sehemu zote za mshipa, shingo, kifua, viwiko" huyo amekariri video, hajavaa mafuta yake mchana sokoni Kibuye.

Vanila sina maneno nayo, ni keki. Asumini ilinipa kichwa.

Na ile ya kukaa masaa 48! Kwa nguo sawa, kwa ngozi hapana. Mafuta hayana spiriti ya kuyarusha kwa hivyo yanaenda pole pole na yananukia karibu, huo ndio uzuri wake, lakini ngozi kavu inayanywa. Mimi nikipaka Vaseline kidogo kwanza napata masaa sita saba ya msandali mzuri, bila Vaseline matatu. Ningeambiwa hivyo dukani ningefurahi na ningenunua tena. Kizuri chajiuza, lakini hawa wanatembeza uongo kwa sababu wanajua ukipaka ukatoka nje kwa jua nusu saa hutarudi.

Sasa madai yangu, na nataka wenye maduka wasome. Nipake kwa mkono niende, nirudi kesho. Ukiogopa hasara niuzie ml 1 kwa hamsini, nitanunua aina kumi. Kila chupa kubwa iwe na sirinji yake. Usinipe mbegu za kahawa ninuse ati kusafisha pua, niache nisimame mlangoni nipate hewa. Na uandike viungo. Marashi ni vipodozi, na kiwango cha lebo za vipodozi kipo, EAS 346, cha Afrika Mashariki yote, sio kitu nimetunga mimi. Kama yana ndimu ama bergamoti andika kwa herufi kubwa USIPAKE UKIENDA JUANI, stika hiyo haifiki shilingi tano.

Na wanunuzi wenzangu, kabla hujajipaka shingoni mafuta mapya weka tone dogo ndani ya kiwiko, funika na nguo, ungoje mpaka kesho. Mimi sikufanya kwa sababu niliamini, ingawa hayo ya ndimu hata kipimo hiki cha kufunika hakiyaonyeshi, yanangoja jua.

Kama kuna mtu anajua muuzaji Kisumu, Kakamega, Busia hata Kitale anayekubali upake uondoke urudi, andika hapa chini, nauli nitatoa mwenyewe. Na kama kuna mwingine amechomeka na hayo ya ndimu aseme, nataka kujua tuko wangapi. Chupa ninayo bado, yamebaki nusu, na Jumamosi narudi nayo kwa lile duka pamoja na karatasi ya daktari. Safari hii sitaondoka kabla ya mwenye duka mwenyewe kuja.